Kujaa, kujaza, kujijaza: tangi la choo na vitenzi vya Goma

Kazi ya semina yetu mwaka huu ilikuwa kukusanya mifano ya mnyambuliko wa vitenzi katika Kiswahili kinachosemwa mjini Goma. Wenzangu walikwenda soko la Virunga, wengine kwa waendesha pikipiki na wasukuma chukudu. Mimi mifano yangu mizuri niliipata chooni kwa shangazi yangu, Katindo, katika juma moja ambalo nyumba nzima ilikosana na jirani kwa sababu ya maji. Nilipoisoma semina, wengi walicheka kwanza, kisha mhadhiri akaniomba niiandike. Nimeiandika pamoja na maelezo ya kutengeneza tangi lenyewe, kwa kuwa bila hayo hoja ya kiisimu haieleweki, na kwa kuwa najua wasomaji wengine wana tatizo hilohilo nyumbani.

Hali ilikuwa hivi. Katika parsele yetu kuna nyumba mbili na robine moja uani. Maji huja kwa zamu, mara nyingi usiku, na kila nyumba ina tangi kubwa la plastiki lililowekwa juu ya nguzo. Tangi la shangazi lilikuwa likitutosha siku nne. Ghafla likaanza kuisha siku ya tatu, au ya pili jioni. Yakiisha kabla ya zamu, inabidi kununua kwa bidoni za lita 20. Wakati huohuo choo cha ndani kilianza kulia usiku: shhh, kwa sekunde chache, kisha kimya, kisha tena. Hakuna mtu aliyeingia chooni. Mambo hayo mawili hatukuyaunganisha, na sababu ya kutoyaunganisha ndiyo mada ya makala haya.

Kuhusu sauti, shangazi alisema: «Choo inajaza yenyewe.» Kuhusu tangi la juu alisema: «Banatuibia maji.»

Tuanze na sentensi ya kwanza. Kiswahili kina kitenzi -jaa, kinachoeleza hali ya kufikia ukomo wa nafasi, na -jaza, kinachoeleza tendo la kumfanya mtu au kitu kijae. Katika -jaa konsonanti ya zamani l imepotea kati ya irabu mbili. Katika -jaza bado tunaona alama yake, kwa kuwa l ikifuatwa na kiambishi cha kale cha usababishi hugeuka z, kama ilivyo katika -lala na -laza. Wenye Kinyarwanda nyumbani wanalijua jambo hili bila kufundishwa: kuzura, kuzuza. Kwa hiyo -jaza kinadai mtendaji. Mtu akijaza bidoni, tunamwona mtu. Sasa choo kinajaza nini, na nani kakituma? Neno «yenyewe» linajibu: hakuna aliyekituma. Msemaji wa Sanifu angeweza kutumia kirejeshi na kusema «tangi linajijaza». Kwa njia zote mbili, tangi limekuwa mtendaji na mtendwa kwa pamoja, na mlango wa kuuliza «kwa nini?» umefungwa. Mtoto wa shangazi mwenye miaka saba alikataa kwenda chooni usiku peke yake. Simlaumu, sarufi ilimwambia kuna kitu humo kinachofanya kazi chenyewe.

Nilimpigia simu fundi. Ni mzee anayeheshimiwa mtaani, wote tunamwita Papa Plombier, na mimi humwita Papa tu. Nikataka kuongea vizuri, nikasema: «Papa, shikamoo. Choo yetu inajaa yenyewe.»

Akanyamaza kidogo. «Inajaa? Ile kazi ya kutosha choo si yangu, mwana. Tafuta wale wa kutosha.»

Nilikuwa nimekosea kitenzi, na hapa kosa hilo lina gharama. Goma imejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo. Kuchimba shimo la choo katika lava iliyoganda ni kazi ya nyundo na siku nyingi, mashimo mengi hayana kina, na kwa hiyo hujaa upesi. Mtu wa hapa akisikia «choo inajaa» haoni tangi la maji juu ya ukuta. Anaona shimo limefika juu na anafikiria jinsi ya kulitoa uchafu. (Ndugu zetu wa Tanzania wasishangae: kwetu kutosha ni kutoa, kuondoa. Mwenye kusoma sentensi ya fundi kwa masikio ya Dar es Salaam ataelewa kwamba kuna kazi ya kukifanya choo kitoshe.) Niliposahihisha, «Hapana Papa, ni rezervwari ya juu, inajaza maji», ndipo akaniuliza swali ambalo lilinifanya nichukue kalamu:

«Inajaza, ao inajazaka?»

Msomaji asiyezoea Kiswahili cha Kivu anahitaji maelezo hapa. Sanifu huonyesha mazoea kwa hu-: hujaza, hulia. Sisi hu- tunaiandika shuleni na kuisikia kwa wageni. Mdomoni mwetu mazoea hukaa mwishoni mwa kitenzi, -ka: ninaendaka, banasemaka, inaliaka. Lingala nayo ina -aka ya namna hiyo. Nico Nassenstein na Paulin Baraka Bose, katika kitabu chao cha mwaka 2015 kuhusu Kiswahili cha Kivu, wamekusanya matini nyingi ambamo mtu anaweza kuisikia lugha hii kama inavyosemwa. Tatizo ni kwamba darasani tunaifafanua -ka kwa neno moja, «mazoea», na kuendelea. Fundi hakuwa anauliza mazoea. Alikuwa anauliza kama tendo linaendelea bila kukatika, au linakuja, linakoma, na kurudi. Nilipouliza kwa nini anataka kujua, alisema maneno haya, nami nayanakili kama alivyoyasema:

«Kama inajaza bila kunyamaza, ni floteri. Kama inajazaka, inanyamaza, inarudilia, ni juwe ya chini.»

Yaani utambuzi wote wa ugonjwa umo ndani ya silabi moja. Nitaeleza jinsi tangi linavyofanya kazi, kisha tutaona kwamba mzee alikuwa sahihi.

Ndani ya tangi la choo kuna vitu viwili tu vya kuangalia. Cha kwanza ni robine ndogo ya kuingizia maji, iliyofungwa kwenye boya. Hilo boya ndilo fundi anaita floteri. Maji yakipanda, boya hupanda, na likifika kimo chake hufunga robine. Yakishuka, boya hushuka na robine hufunguka. Cha pili ni kizibo cha chini, chenye duara la mpira, kinachokaa juu ya tundu la kuelekea bakuli. Ukibonyeza kitufe, kizibo huinuka, maji huteremka kwa kishindo, kizibo hurudi kukaa. Kando yake kuna mrija uliosimama wima, ulio wazi juu. Maji yakizidi kimo, humwagikia humo na kuingia kwenye bakuli badala ya kufurika sakafuni.

Kutokana na umbo hilo kuna njia mbili za tangi kuendelea kuingiza maji. Njia ya kwanza: robine ya boya haifungi, kwa sababu boya limewekwa juu mno au uchafu umekwama ndani ya robine. Maji yanapanda mpaka mdomo wa mrija na kumwagikia humo muda wote. Sauti haikatiki. Inajaza. Njia ya pili: robine na boya ni vizima, lakini kizibo cha chini hakizibi sawasawa. Maji yanachuruzika polepole kwenda kwenye bakuli, bila sauti. Boya linashuka kidogo kidogo. Likishuka vya kutosha, robine inafunguka, tunasikia shhh, maji yanarudi kwenye kimo, robine inafunga. Kimya. Na mchuruziko unaendelea. Inajazaka.

Kwetu ilikuwa inajazaka. «Basi ni juwe», akasema fundi, akaahidi kufika Alhamisi.

Nikakata simu nikaenda kutafuta jiwe.

Siandiki hili kwa kujichekesha. Nilisikia «jiwe ya chini», na katika mji huu jiwe ndani ya chochote si ajabu. Isitoshe wapo watu wanaoweka jiwe ndani ya tangi makusudi ili litumie maji kidogo. Nikakunja shati, nikapapasa chini ya tangi, hapana jiwe. Alhamisi ndipo nilipoelewa kwamba alisema juwe, yaani «joint» ya Kifaransa, duara la mpira. Irabu ya puani imepotea, sauti ya kwanza imekuwa j yetu, na silabi imevunjwa ili ikae katika mdomo wa Kibantu. Juwe na jiwe: jozi pekee ya mlinganuo mdogo niliyowahi kuipata nikiwa nimeloa mpaka kiwikoni. Tanzania mafundi wangesema washa au gasketi. Sanifu ya vitabuni ingetaka nieleze kwa maneno mengi. Mimi naona juwe ni neno zuri, fupi, na lina ngeli yake tayari: juwe ya, juwe za.

Jambo la msamiati lilitokea pia upande mwingine. Mwenzetu wa semina aliyekulia Kigoma, akinishauri, aliniandikia: «Angalia kama bomba limepasuka.» Nilimsomea shangazi ujumbe kwa sauti na akasimama. Bomba ya Kiswahili cha pwani ilitoka Kireno, nayo ni ya kupitishia au kuvutia maji. Kwetu mrija wa maji ni tiyo, na ukisema bomba imepasuka, mtu wa Goma anatega sikio kwanza na kutafuta watoto wako wapi. Nilijifunza kwamba kabla ya kupendekeza istilahi moja kwa nchi zote, mtu apite hapa ayatamke maneno yake uani.

Kabla ya Alhamisi, fundi alinipa kazi ya kufanya, na mtu yeyote anaweza kuifanya bila kifaa. Maji ya tangi ni safi, hakuna sababu ya kuogopa kuingiza mkono. Nilifunua kifuniko nikaangalia mdomo wa mrija ule wa wima: maji yalikuwa chini yake kwa upana wa kidole gumba, hayaingii. Hapo boya likaondolewa lawama. Nikachora mstari kwa kalamu ya risasi ndani ya tangi, pale maji yalipofika. Nikafunga robine ya ukutani inayolisha choo, nikakaa dakika 20, ambazo kwa saa yangu ndizo zilizokuwa zikipita kati ya shhh moja na nyingine. Maji yalikuwa yameshuka chini ya mstari. Kama yangebaki pale pale wakati robine imefungwa, ningejua kwamba maji hayatoki, na kosa liko kwenye kuingiza. Sakafu ilikuwa kavu, kwa hiyo hayakutoka nje. Nikachemsha beterave, nikamimina maji yake mekundu ndani ya tangi, nikakataza watu wasiingie. Baada ya nusu saa bakuli lilikuwa na ukungu wa waridi ukiteremka ukutani. Hakuna aliyebonyeza kitufe. Kizibo kinavuja.

Kuvuja. Hapo nikaona kile ambacho juma zima hatukukisema. Tulikuwa na kujaa, kujaza, kujaza yenyewe, kulia. Vitenzi vyote vya kuingia na vya sauti, kwa sababu kuingia ndiko kulikosikika. Kutoka hakukuwa na sauti, kwa hiyo hakukuwa na kitenzi. Na -vuja chenyewe kina tabia ya kuangaliwa: kinakubali chombo na kinakubali kilichomo. Ndoo inavuja, maji yanavuja, zote ni sawa. Lakini ukisema «choo inavuja», kila mtu anaangalia sakafu. Hatuna kitenzi cha mazoea cha kuvuja kuelekea ndani, kutoka sehemu moja ya chombo hadi nyingine ya chombo hichohicho. Fundi alipofika alisema «maji inatorokaka», na nadhani alichagua vizuri, maana anayetoroka hapigi kelele. Tena -ka.

Nilipima kilichotoroka. Robine ikiwa bado imefungwa, nilirudisha maji kwenye mstari kwa jagi: lita moja na nusu. Kila dakika 20, mara 72 kwa siku, ni lita 108. Bidoni tano na zaidi, kila siku, zikipita katikati ya nyumba kimya kimya na kwenda shimoni.

Sasa sentensi ya pili ya shangazi, «Banatuibia maji.» Hii ndiyo iliyoleta madhara. Kiswahili cha Goma hakipendi kauli ya kutendwa. Pale ambapo Sanifu ingesema «tunaibiwa maji», sisi hutumia ba- isiyomtaja mtu: banajenga shule, yaani shule inajengwa; banamuita, yaani anaitwa. Hiyo ba- ni tupu, haina watu ndani yake. Lakini umbo lake ni lilelile la ba- yenye watu. Shangazi alipoisema uani, mama wa nyumba ya pili alikuwa akianika nguo, na binti yake ndiye huchota maji karibu na tangi letu kila asubuhi. Mama yule alijibu kwa maneno mawili: «Ba nani?»

Shangazi angeweza kusema «maji inaisha mbio», na kitenzi -isha hakimtafuti mtu. Angeweza kunyamaza. Hakujibu «ba» ni nani, na kutojibu kukawa jibu. Siku tano nyumba mbili hazikusalimiana. Binti alianza kuchota kwa majirani wa ng'ambo ya barabara ili asionekane karibu na tangi. Mimi, niliyekuwa nimeandika kurasa tatu juu ya ba- isiyotaja mtendaji, nilikuwa nimekaa ndani ya nyumba nikiwaza vivyo hivyo kuhusu yule binti. Sikusema, lakini niliwaza. Kutaja jambo hili katika semina kulinigharimu kuliko sehemu nyingine zote.

Fundi alifunga robine, akamwaga tangi, akatoa kizibo. Juwe ilikuwa imekauka na kupinda kama ganda la chungwa, na ukingo wa tundu ulikuwa na chokaa. Maji ya Ziwa Kivu yana madini mengi yaliyoyeyuka. Sufuria zetu zinalijua hilo. Aliusugua ukingo kwa kitambaa na ndimu, akakataa kisu changu kwa kuwa mkwaruzo mmoja unatosha kuanzisha mchuruziko mpya. Aliigeuza juwe juu chini ili itusaidie siku mbili, kisha akanituma Birere kununua mpya, na kunionya niende na ile ya zamani mkononi, maana vipenyo si vimoja na muuzaji atakupa yoyote.

Kisha akamuuliza shangazi: «Mama, unawekaka javel mu rezervwari?»

Anaweka. Kila juma, kofia mbili. Alikuwa msichana hapa mwaka 1994, kipindupindu kilipowaua maelfu kwa maelfu ya wakimbizi pembezoni mwa mji, na tangu hapo hawezi kuona maji yaliyosimama bila kuyatilia dawa. Baada ya mlipuko wa Mei 2021, lava ilipoharibu mitambo na mabomba ya maji, alizidisha. Javel katika maji ya kunywa, kwa kipimo, ni sawa. Javel inayokaa siku nzima ndani ya tangi la choo inaula mpira mpaka unakuwa mgumu. Fundi alimweleza polepole, kwa heshima, kwamba dawa ya choo iwekwe kwenye bakuli na isuguliwe, isiwekwe juu. Shangazi aliishika ile juwe iliyopinda, akaigeuza mara mbili tatu.

«Basi ni miye niliikausha», alisema. Sentensi ile nimeichanganua mara nyingi. Ina mtendaji, ina usababishi (-kauka, -kausha), ina kiambishi cha yambwa, na miye imewekwa mbele kwa msisitizo. Hakuna ba- wala yenyewe.

Juwe mpya iliwekwa Jumamosi asubuhi. Nilirudia jaribio la beterave na bakuli likabaki jeupe. Usiku ule choo hakikulia, na mtoto alikwenda peke yake, ingawa alikwenda akiimba.

Jumapili shangazi alijaza bidoni mbili, akaniambia nibebe moja, naye akabeba ya pili. Tulisimama mlangoni kwa jirani. Hakusema neno samahani mwanzoni. Alieleza kuhusu mpira, kuhusu javel, kuhusu lita 108, hesabu yangu akiitaja kama yake. Mwishoni akasema: «Maji ilikuwa inatorokaka kwangu mwenyewe. Nilikosea mwana wako. Unisamehe.» Mama jirani alizipokea bidoni, akazimimina kwenye pipa lake, akaturudishia matupu. Binti yake alikuwa ndani. Jumatatu asubuhi nilimsikia tena robineni, akigombana na ndoo yake.